Upande wa Jiwe Uliozikwa

Jumanne ile Jotham Pruitt alinyoa ndevu mara mbili, na dada yake Thankful hakumwachia.

"Kaka, hizo ndevu zinaota kwa mapenzi au umezitia mbolea?" alimwuliza, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko wa uji wa mahindi. "Maisha yako yote unanyoa Jumamosi kwa Jumamosi. Leo unajinyonyoa kama kuku wa sikukuu."

"Nyamaza, Thankful. Uji unaungua."

"Uji hauungui. Anayeungua namwona mimi."

Jotham alicheka, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa halijasikika mara nyingi. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mchonga mawe ya makaburi wa mji wa Hadlock, Massachusetts, kama baba yake kabla yake. Katika bonde lile lote hapakuwa na mtu aliyezikwa bila kupita mikononi mwa Pruitt. Walimheshimu, wakamlipa, na hawakumkaribisha sana mezani, kwa sababu kila alipomtazama mtu, mtu yule alihisi anapimwa. Sasa mtu kama huyo, na umri kama huo, alikuwa anaoa. Tangazo la ndoa lilikwisha bandikwa kwenye mlango wa kanisa, na sheria ilitaka likae Jumapili tatu ili mwenye neno aseme. Jumapili moja ilikwisha pita na hakuna aliyesema.

Bibi harusi alikuja karakana saa nne, miguu imejaa tope la theluji iliyoyeyuka. Aliitwa Lovisa Thayer, mjane wa Nahum Thayer mwuza mbao, lakini mji mzima bado ulimwita binti Gaskill, maana marehemu Hakimu Ephraim Gaskill hakuwa mtu wa kusahaulika upesi. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alikaa juu ya jiwe ambalo halijachongwa, akavua glavu, akazipiga gotini.

"Nina ombi, Jotham. Na usiniambie una kazi nyingi."

"Kwako sina kazi."

"Jiwe la baba limeinama. Nilipanda makaburini jana nikaliona, linataka kuanguka kifudifudi kama mlevi. Sitaki niolewe huku baba yangu analalia pua. Nimeshasema na Mzee Barzillai mchimba makaburi, atalichimbua Ijumaa, baada ya Siku ya Mfungo, alishushe upya."

Tindo ilimtoka Jotham mkononi ikaanguka juu ya mavumbi.

"Nitalisimamisha mimi," alisema.

"Hapana. Barzillai anasema kosa ni lake. Wakati ule mgongo ulikuwa unamwuma, akachimba shimo fupi. Mwache mzee arekebishe mambo yake." Lovisa aliinuka, akampangusa vumbi begani kwa mkono mtupu, taratibu, bila kuona haya kama kuna mtu anatazama. "Nimemwambia asikawie. Nataka mambo ya nyuma yakae sawa, halafu tuyaache."

Alipoondoka, Jotham aliketi pale pale alipokuwa amekaa Lovisa. Jiwe lilikuwa bado na joto kidogo. Alijua kilichopo chini ya lile jiwe la Hakimu, na ni yeye peke yake aliyejua duniani.

*

Mwaka wa 1809 tangazo jingine lilibandikwa kwenye mlango ule ule: Jotham Pruitt na Lovisa Gaskill. Jotham alikuwa na miaka ishirini na minne, Lovisa ishirini. Walipatana wakati Jotham alipokuwa anachonga jiwe la mama yake Lovisa. Msichana alikuwa anashuka kila jioni kutoka kwao kilimani kutazama herufi zinavyotoka, na siku zilipozidi herufi zikawa zinatoka polepole mno, hata baba yake Jotham akauliza kama mama wa watu ana jina refu kuliko wengine.

Hakimu Gaskill alilisoma tangazo Jumapili asubuhi, watu wakiwa wanaingia kanisani. Akalichana. Hakulichana kwa hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alilichana vipande vinne sawasawa kama anayepunguza karatasi ya kuwashia moto. Jotham alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, amevaa koti la kuazima.

"Binti yangu hatalala na mtu mwenye vumbi la wafu kichwani," alisema Hakimu. "Pruitt, rudi kwenye mawe yako. Tutakapokuhitaji tutakuwa tumekufa."

Watu walicheka. Wengine walicheka kwa hofu, wengine kwa sababu ni mzaha mzuri, na mzaha mzuri wa mkubwa hauchagui anayemwumiza. Jotham alirudi nyumbani akiwa amenyoosha shingo.

Juma lile Lovisa alimtumia neno kwa kinywa cha Thankful: angojee miezi minane. Lovisa akitimiza miaka ishirini na mmoja atakuwa mtu mzima mbele ya sheria, na baba yake hatakuwa na la kuchana. Ni neno jepesi, na mtu mwenye akili zake angelirukia. Lakini Jotham alikuwa na donge. Alimwambia Thankful: "Kama ananitaka, ashuke kile kilima mwenyewe, mchana, watu wakiona, aje aseme hapa mlangoni. Walinicheka mbele za watu. Nitakwe mbele za watu." Thankful alimwita mpumbavu, akampelekea Lovisa maneno hayo kama yalivyo. Lovisa naye alikuwa Gaskill. Hakushuka. Miezi minane ikapita, kila mmoja akitazama kilima kutoka upande wake, na mwaka uliofuata akaolewa na Nahum Thayer, mtu mwema, mpole, ambaye hakuwahi kumgombeza hata mbwa.

Kiburi si maungwana, husema watu, na ni kweli; lakini wakati unacho huoni kiburi, unaona heshima.

Hakimu alikufa Februari ya 1812. Ndipo Lovisa aliposhuka kilima, kwa jambo hilo, akiwa katika nguo nyeusi, akamwagiza Jotham jiwe la baba yake. Alizungumza kidogo. Alisema baba yake mwenyewe ndiye aliyetaka lifanywe na Pruitt. Jotham aliyasikia maneno hayo kama kofi la pili: hata akifa, mzee anataka kutumikiwa na yule aliyemfukuza.

Sasa, kila mchonga mawe wa nchi ile ana desturi moja ambayo wateja hawaijui. Jiwe la kaburi ni bapa refu, na theluthi yake hufukiwa ardhini ili lisimame. Sehemu hiyo inayozikwa haisuguliwi wala hailipiwi. Hapo fundi hujaribia herufi zake kabla ya kuandika juu: hapa "A" mbili, pale ua lililopinda, pengine jina lililokosewa. Mkono ukishapata moto, anapanda juu kwenye kazi yenyewe. Nyasi hufunika yote, na hakuna anayechungulia.

Jotham juu alichonga kama alivyoombwa: jina la Hakimu, miaka yake, cheo chake, na aya aliyoichagua mchungaji. Kazi safi, watu walisifu. Chini, mahali pa kujaribia, alichonga maneno manne. Hayakuwa ya kujaribia. Aliyapimia mistari kwa rula, akayachonga kwa siku mbili nzima, mlango umefungwa: UZAO WAKO NA UKAUKE.

Aliposhindilia udongo kwa mguu siku ya kulisimamisha, alijisikia mwepesi. Alidhani ameshalipa kisasi na hakuna aliyeumia.

Halafu Lovisa alianza kushuka kilima. Alishuka mwaka 1813 kuagiza jiwe la Asa, mwanawe wa kwanza, miezi minne. Alishuka mwaka 1815 kwa ajili ya Prudence, mwaka na nusu. Alishuka mwaka 1818 kwa ajili ya mtoto ambaye hawakuwahi kumpa jina. Mawe matatu madogo, Jotham aliyachonga yote, na kwa yale mawili ya mwisho alikataa malipo. Mji ukasema, tazama moyo wa Pruitt, hana kinyongo hata kidogo. Mwenye kovu usidhani kapoa; lakini yule hakuwa tena na kovu, alikuwa na jambo baya zaidi. Kila alipopita chini ya kilima cha makaburi aliyaona yale maneno manne kama yameandikwa angani, akaapa kwamba kesho atapanda na mtaimbo ayafute. Kesho ikaja na kazi zake, na mtu angeweza kumwona, na angeulizwa anafanya nini.

Nahum akafa. Miaka minne ya ujane ikapita. Majira ya baridi yaliyopita Lovisa alishuka kilima, mchana kweupe, watu wakiona, akasimama mlangoni pa karakana na kusema: "Sikuja kuagiza jiwe. Nimekuja kukuuliza kama bado unangoja nishuke." Jotham alilia kama mtoto mbele ya Thankful.

Huyo ndiye mwanamke ambaye Jotham alikuwa karibu kumpoteza kwa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na Hakimu wa kumlaumu.

*

Jumanne jioni alikwenda kwa Lovisa kumwambia. Alipofika alimkuta anashona shuka, akamwonyesha ukingo wa lesi, akampa kipande cha mkate wa maboga, akamwuliza kama Thankful atakubali kuhamia nao au ataringa. Jotham alikula mkate. Alifungua kinywa mara mbili. Mara ya kwanza aliomba chai, mara ya pili akasema kuna upepo. Akarudi nyumbani.

"Umemwambia nini mpaka umekuwa mweupe hivyo?" aliuliza Thankful.

"Sijamwambia kitu."

"Basi ndiyo maana," alisema Thankful, ingawa hakujua anasema juu ya nini.

Mficha uchi hazai. Jotham aliijua maana ya maneno kama hayo kuliko wengi, na bado akachagua njia ya kuficha. Alhamisi ilikuwa Siku ya Mfungo. Kila mwaka mwezi wa Aprili gavana hutangaza siku ya kufunga na kuomba kabla ya kupanda mbegu, na mji mzima huingia kanisani asubuhi, hubiri likaenda mpaka watoto wanalala na wazee wanawaonea wivu. Kilimani kwenye makaburi hakutakuwa na mtu. Atalichimbua jiwe, ayafute maneno, alisimamishe, na Ijumaa Barzillai akute kazi imekwisha. Atasema alitaka kumfanyia Lovisa zawadi. Ilikuwa nusu ya kweli, na Jotham alikuwa amezoea kuishi kwa nusu.

Alimwambia Thankful tumbo linamsokota.

"Siku ya kufunga ndiyo unaumwa tumbo?" Thankful alifunga utepe wa kofia yake akimtazama. "Haya. Mwenyezi Mungu anajua utumbo wa kila mtu." Akaenda zake.

Kengele ilipoacha kulia, Jotham alipanda na koleo, mtaimbo na mfuko wa vifaa. Udongo ulikuwa laini juu na barafu bado chini. Katika nchi ile baridi huingia ardhini mbali sana, na ardhi inapolegea husukuma juu kila kilichomo ndani yake. Wakulima huokota mawe mashambani kila mwaka mpaka wanaapa kwamba yanazaliana. Jotham alilijua hilo tangu utotoni, na miaka kumi na tisa hakuwahi kulifikiria kwa jiwe la Hakimu. Alipopiga magoti aliona kwamba lilikuwa limepanda inchi sita. Ni majani makavu machache tu yaliyokuwa yamebaki kulifunika neno la kwanza. Majira mawili zaidi, na Lovisa angelisoma mwenyewe akiwa amekuja na maua.

Alichimba kwa haraka, akalilaza jiwe chali juu ya nyasi, akafuta udongo kwa kiganja.

Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu asiye fundi hangelifanya. Alishika nyundo ya mti na tindo, akainama, na mkono ukagoma. Juu, mvua na theluji za miaka kumi na tisa zilikuwa zimeanza kulila jina la Hakimu. Chini, maneno manne yalikuwa mapya kama yamechongwa asubuhi ile. Zilikuwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuzichonga. Hakuwahi tena kuipata "K" kama ile ya WAKO, mguu wake umetoka kwa pigo moja bila kusita. Alikuwa ametafuta mkono ule kwa miaka yote, katika mawe ya watu wema mia tatu, na haukurudi. Alizipitishia vidole. Alijiambia ataangalia kidogo tu. Na mchungaji wa Hadlock, ambaye katika miaka ishirini hakuwahi kumaliza hubiri la mfungo kabla ya saa sita, siku ile alikuwa na mafua, sauti ikamkatika katikati ya maombi, akawaruhusu watu waende.

Jotham alisikia nyasi zinaminywa nyuma yake.

"Nilikiona kiti chako kitupu," alisema Lovisa. Alikuwa anahema kwa kupanda. "Thankful kaniambia tumbo. Nimetoka mlangoni naona mtu yuko huku juu anachimba, nikasema, mpumbavu yule, ameamua kunifanyia mwenyewe na mfungo wote huu." Alikuwa anatabasamu. Kisha alitazama chini.

Jotham angeweza kulifunika jiwe kwa koti. Hakusogea.

Lovisa alisoma maneno manne. Hayakuwa mengi, lakini aliyasoma kwa muda mrefu.

"Huu mwandiko wako."

"Ni wangu."

"Wa lini?"

"Mwaka aliokufa."

"Nilikuja mwenyewe kukuagiza jiwe hili," alisema, kama mtu anayejikumbusha. "Nilikuwa na mimba ya Asa. Nilikuwa bado sijamwambia hata Nahum."

"Sikujua, Lovisa. Naapa sikujua."

"Ungejua ungeandika kitu gani?"

Chini mjini watu walikuwa wanasimama vikundi vikundi kwenye uwanja wa kanisa, na wengine walikuwa wamegeuza nyuso kilimani.

"Mimi siamini laana," alisema Lovisa. Alikaa chini kwenye nyasi zenye maji, na nguo yake nyeusi ya mfungo, bila kujali. "Usinielewe vibaya. Asa aliuawa na kifaduro, mwaka ule kiliua watoto saba hapa mjini. Prudence alikufa kwa ugonjwa wa koo. Yule mdogo alikuja kabla ya siku zake. Jiwe lako halikuwaua wanangu, hayo ni maneno ya vikongwe. Lakini nilikuja kwako mara tatu. Uliuliza urefu wa jiwe la Prudence, ukanionyesha kwa mikono yako, hivi. Ukaniuliza kama nataka mwana-kondoo au ua. Nikasema ua. Ukasema, 'Pole, Bi Thayer.' Uliposema pole, ulikuwa unalikumbuka hili?"

"Kila mara."

"Kila mara."

"Nilitaka kulifuta. Kila mwaka nilitaka. Niliona aibu."

"Miaka kumi na tisa, Jotham. Toka karakana yako mpaka hapa ni mwendo wa dakika kumi." Hakupaza sauti, na Jotham aliomba apaze. "Hukuona aibu mpaka ulipokuwa na kitu cha kupoteza."

Halafu akasema jambo ambalo Jotham hakulitarajia.

"Unajua kwa nini nilikuja kwako kwa ajili ya baba? Juma lake la mwisho alikuwa anaongea ovyo, mambo ya mipaka na ng'ombe. Siku moja akatulia kabisa, akasema, 'Yule kijana wa Pruitt ana mkono mzuri. Mwambieni anifanyie jiwe langu.' Hakusema zaidi. Kwa baba yangu huo ulikuwa ndio msamaha, Jotham. Hakuwa na mwingine, hakufundishwa mwingine. Nilikuja nikakuletea nikidhani utauona."

"Ungenieleza."

"Ningekueleza," alikubali. "Na ile miezi minane ningeshuka. Sikusema mimi ni malaika. Nilikaa dirishani nikasema, aje yeye, yeye ndiye mwanamume. Tulikuwa wajinga wawili, na mjinga mmoja alikuwa na tindo."

Jotham alipiga magoti mbele yake. Alitaka kumshika mkono, akaona mikono yake ilivyo na udongo wa kaburi, akairudisha.

"Nitafanya lolote utakalosema."

"Sina la kusema. Nina swali." Lovisa alimtazama usoni sasa, na macho yake yalikuwa makavu. "Nijibu mara moja tu. Ukiniambia hapana, nitakuamini, na sitauliza tena mpaka nife. Jumapili mbili zikipita tutaoana, na hili tutalisaga liwe mchanga. Siku nilipokuja kwa ajili ya Asa. Ulifurahi?"

"Hapana" ni neno jepesi. Jotham alilihisi limekaa tayari kwenye ulimi. Aliiona nyumba, shuka zenye lesi, Thankful anagombana na Lovisa juu ya chumvi ya maharage, uzee wenye mtu wa kuzungumza naye. Vyote hivyo angevipata kwa neno moja, na hakuna kiumbe ambacho kingeweza kumsuta. Lakini alikuwa amemjibu mwanamke yule kwa kimya miaka yote hiyo, na aliona kwamba "hapana" hii ingekuwa kimya kile kile kilichopewa sauti. Angelala nayo kila siku kitanda kimoja.

"Nilifurahi," alisema.

Lovisa hakutikisika.

"Ulipokuwa umesimama mlangoni," alisema Jotham. "Kabla hujaingia. Nilisema moyoni, haya, na wewe umeonja. Kisha ukaingia ukakaa, nikaona miguu yako. Ulikuwa umevaa kiatu kimoja cheusi na kimoja cha kahawia, na hukujua. Hapo furaha ilinitoka. Haijanirudia, Lovisa. Lakini ilikuwapo. Sitakudanganya, ilikuwapo."

Upepo ulipita juu ya kilima, ukaondoka.

"Nilivaa viatu viwili visivyofanana?"

"Ndiyo."

"Nilitembea hivyo mji mzima?"

"Ndiyo."

"Hakuna aliyeniambia." Alitazama viatu vyake vya siku ile, vilivyokuwa vya jozi moja, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza. Aliyaacha yatoke. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya shali, akainuka peke yake, akafunga utepe wa kofia chini ya kidevu kwa uangalifu.

"Asante kwa kusema kweli," alisema. "Ungeniambia mwaka ule ule, ningekuchukia mwaka mmoja. Labda miwili, mimi ni Gaskill. Halafu ningekusamehe, maana nilikupenda wakati wote huo, hata Nahum alijua, Mungu amrehemu. Sasa nina miaka arobaini na miwili. Siwezi kuanza leo kukuchukia nikamaliza kwa wakati."

"Lovisa."

"Kwaheri, Bwana Pruitt."

Alishuka kilima polepole, akichagua pa kukanyaga kwenye tope. Watu wa uwanjani walimpisha. Thankful alimwendea, wakasimama pamoja kidogo, kisha Thankful akamshika kiwiko na kumsindikiza nyumbani kwake, bila kugeuka kutazama juu.

Jotham aliokota nyundo na tindo. Hakuitazama tena ile "K". Aliyafuta maneno yote manne, akapalainisha mahali pale, akachimba shimo kwa kina kinachotakiwa, akalisimamisha jiwe la Hakimu na kulipima kwa timazi. Kulisimamisha ndiko kulikokawia. Kuyafuta maneno yenyewe kulimchukua nusu saa.